Glasi Aliyoimwaga Kioo

Fundi bomba huyu walimwita Kioo, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa akipika bia nyumbani kwake, kwenye kibanda cha nyuma, na vyombo vyake vyote vilikuwa vya shaba. Alivisugua kwa limau na chumvi mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama humo. Mgeni akifika, kabla hajapewa kiti, alipelekwa kwanza kibandani akajitazame. Mke wake alizoea kusema, "Mume wangu ana wake wawili, na mwenzangu ndiye anayeogeshwa kila siku."

Mjuzi alikuwa mjuzi, hilo tusimnyime. "Shaba ina rangi mbili za kujua," aliwahubiria wageni. "Kahawia ni ngozi yake, iache. Kijani ni sumu yake, ikimbie." Waya wa kusugulia haukuruhusiwa hata kuvuka kizingiti cha kibanda. Lakini chombo alichokipenda kuliko vyote hakuna aliyeweza kukiona ndani. Kilikuwa koili, mrija wa shaba wa mita kumi aliouviringa kwa mikono yake na kuuketisha kwenye ndoo ya barafu. Bia iliingia humo vuguvugu ikatokea upande wa pili baridi ya kuumiza meno. Kwa nje koili iling'aa kama pete ya bibi harusi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuje kwenye dhambi. Binti yake alikuwa amemaliza chuo, na siku nne kabla ya sherehe Kioo alijaza siki ndani ya koili ili kuisafisha. Siki hukaa humo nusu saa tu, kisha hufuatishwa maji ya moto mara tatu au nne. Ikizidi hapo huanza kuila shaba yenyewe. Akaziba midomo yote miwili kwa matambara ili isimwagike. Mara akaitwa shuleni, bomba limepasuka, maji yanaingia madarasani. Aliporudi jioni, aliitupia koili jicho moja akaona matambara mdomoni. Na kwa fundi bomba, mrija wenye tambara mdomoni ni mrija uliokwisha kazi, umezibwa uchafu usiingie. Akaenda zake kula.

Siku ya sherehe alipochomoa matambara, wageni wamekwisha kujaa uani, siki ilimmwagikia miguuni, ndipo akakumbuka. Akapitisha jagi moja la maji ya baridi, haraka haraka, huku watu wakimwita, "Kioo, tunakauka huku!" Akafungulia bia. Glasi ya kwanza ilitoka na rangi ya kijani, ikinuka sarafu. Akaibeba mpaka nyuma ya jiko, akaimwaga ukutani. Ya pili ilionekana bia kama bia nyingine. Akajiambia basi, imekwisha, akajaza majagi.

Haikupita saa moja, watu tisa walikuwa wakitapika. Hakufa mtu, tushukuru, ila watatu walitundikiwa maji hospitalini. Watoto, ambao walikuwa wamekula kila kilichowekwa mezani na kurudia, walikuwa wanacheza mpira. Hilo Kioo aliliona. Hakuna mwingine aliyeliona, au aliyetaka kuliona, kwa sababu mkosaji alikwisha kupatikana. Alikuwa dada mkubwa wa mke wake, mpishi wa sherehe zote za ukoo kwa miaka thelathini. "Nyama ilikuwa imelala," mmoja alisema, na meza hazijafutwa hukumu ikawa imepita. Kioo, ameshika ndoo chini ya kidevu cha mgonjwa, alifungua mdomo amtetee shemeji yake. Kilichotoka ni, "Jamani, tusiwe na haraka."

Tangu siku hiyo miezi mitano ilipita, na mpishi hakuitwa popote. Kwenye harusi ya mpwa wake aliingia jikoni na aproni yake, wakampokea kwa heshima zote, wakamtoa wakampa kiti cha mgeni. Kioo alimwona amekaa pale, mikono mapajani, na chakula kikamshinda. Bia hakupika tena. Ila kusugua alisugua kila siku, nje, tena na tena, na koili aliining'iniza ukutani bila kuthubutu kuigusa ndani.

Ijumaa moja asubuhi akasikia hodi. Ni shemeji yake, amebeba kitu kizito ndani ya kitambaa.

"Karibu, shemeji, karibu ukae."

"Sikai." Akafungua kitambaa. Lilikuwa sufuria kuukuu la shaba. "Hili la marehemu bibi yetu. Siku ile mchuzi nilipika humu. Nimewaza mpaka nimeishiwa. Wewe ndiye unayeijua shaba, niangalizie. Kama ndilo lililoumiza watu, niambie nikalitupe, na mimi nilale."

Kioo alilipeleka dirishani. Ndani lilikuwa limepakwa bati ili shaba isiguse chakula, jeupe pe, halina hata mkwaruzo. Aliligeuza mara ya pili, ingawa ya kwanza ilitosha. Mlango ulikuwa wazi mbele yake: aseme tu kuna kijani kidogo hapa chini, sufuria libebe kila kitu, na shemeji angemshukuru. Ulimi ulikwisha kuanza kujipanga, na akaona aibu ya ulimi wake mwenyewe.

"Sema tu. Sitakasirika."

"Sufuria lako zima, shemeji."

Mpishi akaitazama mikono yake. "Basi ni hii," akasema. "Nilikuwa naomba iwe sufuria."

Hapo Kioo hakuweza tena. Alishusha koili ukutani, akamimina maji ya limau mdomo wa juu, akakinga beseni jeupe chini. Maji yakatoka ya kijani.

"Ni mimi," akasema. "Siki ililala humu siku nne. Haki ya Mungu nilisahau."

Mpishi akalitazama beseni. "Ulisahau."

"Nilisahau, shemeji."

"Siku ile nilikuwa dirishani jikoni. Nilikuona unamwaga glasi ukutani. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu Kioo huyu, anamwaga povu ili wageni wapate bia safi." Akaanza kulifunga sufuria lake. "Na pale ulikuwa umesahau nini?"

Kioo akalisogeza beseni kando.

"Keshokutwa wote wapo kwa mama," mpishi alisema mlangoni. "Walinihukumu wakiwa wote. Waambie wakiwa wote."

Jumapili Kioo alikwenda na koili aliyoikata kwa msumeno. Njiani alikuwa amepanga maneno: ataanzia kwenye bomba la shule, watoto na vitabu vyao majini, kisha matambara, kosa ambalo fundi yeyote angelifanya.

"Mkwe, leo umetuletea bia?" mama mkwe aliuliza, watu wakacheka. Mpishi alikuwa kwenye kiti cha mgeni, karibu na mlango.

Kioo akaweka vipande vya koili mezani, kijani kikitazama juu. Kicheko kikaisha. Bomba la shule lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

"Glasi ya kwanza," akasema, "niliimwaga ukutani. Ya pili nikawapa nyinyi."