Mubilizi kwa Ini la Baba

Miaka ile ya ujamaa, wenzangu waliomaliza kidato cha nne walikwenda kujenga taifa. Mimi nilirudi kwetu Kamachumu kujenga tumbo langu. Kwa hiyo daktari alipomwambia baba kwamba ini lake limeanza kukakamaa, na kwamba pombe ya ndizi, lubisi, sasa basi, kazi ya kumuuguza ilimwangukia mtu ambaye hakosekani nyumbani.

Shangazi, dada yake baba, akaleta majani ya mubilizi, mti wa dawa.

"Twanga, chuja, mpe kikombe asubuhi na jioni. Ni machungu, lakini ini linapenda uchungu."

Baba akaonja, akatema mpaka kwenye migomba. "Mwanangu, kama unautaka urithi, sema tu."

Kwa kuwa nilikuwa nimesoma baiolojia, nikaona namzidi shangazi akili. Nikachanganya mubilizi na maji matamu ya ndizi mbivu, yale ambayo hayajatiwa mtama wa kuyachachusha, nikajaza kibuyu kizima cha siku nne ili nisitwange kila siku. Kibuyu nilikitoa darini. Kilinuka kidogo, ila mimi si mtu wa kuchagua.

Siku ya kwanza baba alikunywa bila ubishi. Ya pili akasema uchungu ameshauzoea. Ya tatu aliniamsha yeye: "Daktari, dawa!" Jioni yake wakaja majirani wawili wamejishika mbavu, wakidai maini yao nayo yanawauma, kila mmoja na mrija wake mkononi. Nikajiona nimezaliwa mganga.

Shangazi alitukuta sebuleni, baba akijigamba kwa Kihaya kama bwana harusi. Akanusa kibuyu.

"Hiki si kile cha lubisi ya Krismasi? Wewe! Huko shuleni hawakukufundisha mambo ya chachu?"

Walinifundisha. Nilichora hata picha yake, nikaipaka rangi.

Shangazi hakucheka. Alikaa chini, kibuyu mapajani. "Kaka niliyebaki naye ni huyu mmoja. Mkimuua kwa utamu, nitakwenda kwa nani?"

Majirani wakakusanya mirija yao, wakapona ghafla, wakaondoka. Baba aliinamisha kichwa. Alikuwa amejua tangu siku ya pili.

"Nitaunywa mubilizi mtupu," akasema. "Lakini na huyu daktari wangu anywe."

Shangazi akakubali kabla sijafungua mdomo. Miezi mitatu, kila asubuhi, vikombe viwili, baba akinikagua kinywa kuona kama nimemeza. Tuliporudi hospitali, tukaambiwa ini halijazidi kuwa gumu. Kama ni kwa sababu ya majani, daktari alisema hajui. Kuacha pombe ndiko alikokuwa na hakika nako. Shangazi alishikilia kwamba ni mubilizi. Baba alisema wote wamekosea: kilichomponya ni kuniona nikikunja uso kila asubuhi, na akaomba dozi iendelee.