Jeneza Jepesi la Rangwe

Nilirusha ndege za kivita wakati wa vita vya Somalia. Watu wa kwetu Migori wakisikia hivyo hudhani maisha yale yalikuwa fahari tupu. Mimi nakumbuka shingo kuuma, jasho ndani ya kofia, na suruali iliyojijaza hewa ikabana mapaja kila nilipokata kona kali, ili damu isitoke kichwani. Nakumbuka pia kungoja. Tulicheza karata kutwa nzima, tukaitwa, na muda si mrefu nimesharudi, niko mezani na sahani ya wali, kijiko kinagongagonga meno.

Tuliruka wawili wawili, kila mtu ndege yake. Mwenzangu alikuwa Mjaluo wa Rangwe, mcheshi, aliyenicheka kwa kuwa mimi Mkuria naogopa ziwa. Siku aliyoanguka nilikuwa kulia kwake. Alisema kwenye redio, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Injini imekufa. Naona moto."

"Vuta mpini wa kiti kikurushe nje," nikamwambia. "Toka sasa."

Ndege ilipiga vichaka, moshi ukapanda. Nilizunguka juu yake nikitafuta parachuti mpaka mafuta yakabaki ya kunirudisha tu. Sikuona kitu.

Mahali pale palikuwa mikononi mwa adui, na mwili haukupatikana. Nilitumwa kwao Rangwe pamoja na kasisi. Mama yake, mjane, alitusikiliza akiwa ameshika nguzo ya baraza. Akaniuliza kwa Kiswahili, maana Kijaluo sikijui.

"Ni wewe ulikuwa naye?"

"Ni mimi, mama."

"Ulimwona amekufa?"

"Niliona ndege ikianguka."

"Sikuulizi ndege."

Mtu akipotea bila mwili, Wajaluo huzika yago badala yake, lile tunda refu, gumu, linaloning'inia mtini kama gogo. Ukoo ulikata moja, wakalivika shuka, wakalilaza ndani ya jeneza. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba. Lilikuwa jepesi mno. Mama hakuja kutupa udongo. Alibaki jikoni akisonga ugali.

Niliruka mara chache baada ya hapo, kisha mikono ikakataa. Madaktari walisema ni shingo, nami sikubisha. Nikarudi nyumbani, nikapanda miwa upande wa Awendo. Jirani akichoma shamba kabla ya kukata, mimi huingia ndani na kufunga madirisha. Mke wangu aliuliza, akauliza, akachoka.

Nilizoea kwenda Rangwe. Mama alinipa chai, kisha maswali yaleyale. Labda alitokea upande ambao sikuuona? Labda amefungwa mahali? Kila asubuhi alifagia simba, nyumba ya ujana ya mwanawe. Mara moja tu nilijikaza nikamwambia, "Mama, hakutoka."

"Basi nipeleke nikaone," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Mwaka huu aliugua. Nilimkuta hospitalini Homa Bay, amekonda, macho yana ukungu. Alinishika mkono akauchezea vidole.

"Wuoda, mwanangu," akasema. "Umekawia sana. Umekula?"

Muuguzi alinitazama. Nikasema nimekula.

"Na yule Mkuria wako, yeye alitoka?"

Nilimvutia shuka kwa mkono mwingine. Alingoja kidogo, kisha akalala, mkono wangu bado ameushika.

Alifariki wiki hiyohiyo. Safari hii jeneza lilikuwa zito kama inavyopaswa. Mazishi yalipokwisha, shemeji zake walisema simba ibomolewe, imeoza paa. Hakuna aliyeniuliza, na kwa nini waniulize? Niliwaaga nikaondoka.

Sasa sina pa kwenda. Watu wa kanisa letu wameniomba nizungumze na vijana juu ya urubani. Kila mara nawaambia nitakuja Jumapili, lakini Jumapili ikifika nabaki kitandani, natazama mabati.