Hema la Kando ya Seng'enge

Asubuhi ile nilikuwa nagombana na dereva wa lori. Alikuwa ameegesha mbele ya duka langu pale Turbo, akaziba mlango, na wateja wakawa wanapita kwenda kwa jirani. Mahindi yalikuwa yameshavunwa na watu walikuwa na pesa. Binti yangu Wangari, wa miezi minane, alikuwa mgongoni akinivuta kitambaa cha kichwa. Wakati huo, kukosa wateja ndiyo balaa kubwa niliyoijua.

Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa, majirani wa kabila jingine walitugeukia. Duka lilichomwa mchana, watu wakitazama.

Tulikimbia na nguo tulizovaa.

Katika uwanja wa maonyesho hapa Eldoret tulilala tumebanana, wanawake na watoto katikati, wanaume wakituzunguka kwa nje. Hakuna aliyetupangia hivyo, woga ulitupanga. Mgongo wangu uligusana na wa Mama Njoki, aliyekuwa na kichanga. Kubanana ndiko kulikotupa usingizi. Surua nayo haikuhitaji zaidi ya hapo ili kuenea.

Chanjo yake hupewa mtoto akitimiza miezi tisa. Wangari alikuwa hajafika. Alianza kwa kukohoa, macho yakawa mekundu, kisha vipele vikatoka nyuma ya masikio.

"Mfunike," mume wangu aliniambia. "Wasimwone."

Sista Chebet, muuguzi wa kambi, alimwona. Alikuwa mwanamke mkali, na lafudhi yake ilikuwa ya wale waliotuchomea.

"Huyu ako na surua," alisema. "Mama, lazima atoke hapa katikati. Ile hema ya kando ni ya wagonjwa, atatibiwa huko."

Hema hilo lilikuwa limeachwa mbali na mengine, karibu kabisa na seng'enge. Ng'ambo ya seng'enge kulikuwa na shamba tupu, na baada ya shamba, moshi.

"Unatupeleka kwa fensi?" mume wangu alifoka. "Hao watu wako wakikuja, si wataanza na sisi?"

Chebet alinitazama mimi.

"Na wewe utalala wapi?" nikamuuliza.

"Huko huko na nyinyi. Sina kwingine. Kwetu wananiita msaliti."

Nyuma yangu kichanga cha Mama Njoki kilipiga chafya. Nikageuka nikakitazama, halafu nikamfunga Wangari mgongoni.

Kwenye hema lile nilisikia kila kitu. Mbwa. Nyayo. Seng'enge ikilia kwa upepo.

Hawakuja.

Asubuhi nilipotoka nje nilimkuta mume wangu amekaa chini kati ya hema na shamba, na jiwe mkononi.

Chanjo ilipoletwa, watoto waliobaki katikati walidungwa, hata wa miezi sita. Wangari homa ilimshuka, akanyonya, nikacheka kwa sauti hadi Chebet akanikemea. Kisha kifua kikambana mtoto. Tulipompata wa kutupeleka hospitali, barabara ilikuwa imezibwa kwa mawe. Alifia mapajani mwangu, ndani ya gari, tukisubiri mawe yaondolewe.

Miaka imepita. Ninauza mboga hapa mjini, na wanawake wa kambi ile hunijia. Husema niliwaokolea watoto wao. Chebet naye, ambaye siku hizi tunaalikana chai, husema ni kweli: ningebaki pale katikati, wadogo wengi wangeambukizwa. Ninamwamini. Kazi yake anaijua.

Lakini shukrani zao huniumiza. Mama Njoki alipomwoza bintiye alinishika mkono mbele ya wageni, akasema nilitoa mtoto wangu ili wao wabaki na watoto wao. Nilimwacha amalize, maana ilikuwa sherehe. Baadaye nilimvuta pembeni.

"Mama Njoki," nilimwambia, "mimi sikumtoa. Niliambiwa atatibiwa huko, nikampeleka apone."

Alilia, nami nikalia. Kisha tukarudi kuwapakulia watu chakula.