Ufa wa Chumbani kwa Mwalimu

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani, Kariakoo, nikamkuta fundi anapaka rangi ghorofa. Ukutani palikuwa na ufa mrefu, naye akaupitishia brashi huku anapiga mluzi. Wallahi nilisimama pale pale.

Mtaa ule ndiko bibi alikonilelea, miaka ya Ujamaa, unga wa njano na foleni ya sukari. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, ukumbi katikati, vyumba vya wapangaji huku na huku. Ikikaribia Idi wote walitoka kukandika, hata wasiofunga. Wanaume wanakanyaga udongo uani, sisi wasichana tunabeba maji, kina mama wanasiliba kuta, kisha chokaa. Mpaka leo, rafiki yangu, harufu ya chokaa mbichi hunitia hamu ya tambi za sukari.

Mwaka mmoja ukuta wa mwalimu, mpangaji wetu kutoka Songea, ulipasuka toka juu hadi chini. Mwalimu akamwomba bibi ufa usizibwe kwanza, maana mkaguzi wa jiji alikuwa anapita nyumba hadi nyumba. Auone, aseme la kufanya. Bibi akakataa katakata. Wageni wa Idi waje wakute nyumba imepasuka, watu watasemaje? Ukasilibwa. Mkaguzi alipokuja aliupigapiga ukuta, akasifia weupe wake, akaenda zake.

Masika yakaingia. Mchana mmoja mwalimu alikuwa chumbani anasahihisha madaftari, ukuta ukamwangukia. Mtaa mzima ulichimba kwa mikono, lakini alitolewa ameshakufa. Ndiye aliyenifundisha kusoma, pale pale barazani kwetu. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Watu walisema ni mvua tu, kazi ya Mungu. Hata balozi wa nyumba kumi alisema hivyo. Mama yake mwalimu alipofika kutoka Songea, bibi aliinuka mbele ya waombolezaji wote, akampigia magoti.

"Mwanao aliniambia," alisema. "Mimi ndiye niliyeziba."

Yule mama akamsogezea bibi nafasi kwenye mkeka wake.

Bibi hayupo, nyumba haipo, wa kukandika hawapo. Hayo nayavumilia, mji lazima ukue. Lakini siku hizi jengo likianguka nakaa na redio, namsikia huyu anamsukumia yule, yule anamsukumia mwingine, nami nangoja mtu mmoja tu aseme kama bibi. Bado nangoja.