Wifi Mwenye Hati

Mume wangu alipohamishiwa Mtwara kikazi, tulikubaliana kwa simu kwamba nyumba yetu ya Kasulu tuiuze, mimi na watoto turudi Kibondo, kwetu Kitahana, nikafungue duka. Kuuza sikuwa na neno. Neno lilikuja siku aliponiambia kwamba hakupata ruhusa ya kuja kusaini, kwa hiyo ameandika hati ya uwakilishi, na aliyemwandika ni dada yake.

Dada yake! Si mimi niliyewapikia mafundi uji, nikachota maji ya kufyatulia tofali na tumbo limetangulia mbele. Nikamuuliza kwa nini yeye. Akasema, "Amezoea mambo ya ofisi." Kweli, wifi yangu anabadilisha pesa mpakani Manyovu, mihuri anaijua. Na mimi kusoma najua. Nikamkatia simu.

Wivu ukanishika. Hata ndagala, dagaa wa huku kwetu, nilizokaanga kwa mkono wangu sikuzionja utamu.

Jumapili iliyofuata wifi akaja kusali kanisani kwetu. Ulipofika wakati wa ushuhuda akasimama na kitenge chake kipya, akaiinua ile hati ikiwa ndani ya nailoni. "Bwana Yesu asifiwe. Kaka yangu amenipa mamlaka juu ya nyumba yake." Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akaiwekea mkono ile karatasi, akaiombea. Na huku kwetu kitu kikishaombewa mbele za watu kimekuwa chako, nani atabisha? Tulipotoka nje, akina mama walimpongeza kwa kupewa nyumba, mimi wakanishika bega na kunipa pole. Mpangaji wetu wa chumba cha uani akaanza kumwita mama mwenye nyumba, tena mbele yangu, mimi nimeinama na ufagio nafagia uani kwake.

Nami niliamini hivyo hivyo. Nilijiambia mke ni wa kuja, dada ni wa kuzaliwa naye, sasa nimeonyeshwa nafasi yangu. Roho iliniuma, sifichi.

Siku ya kuuza tulikwenda kwa wakili mimi, wifi na mnunuzi. Mlangoni wifi akanigeukia. "Wifi, we subiri hapo kwenye benchi. Humo wanaingia wenye hati." Nikakaa. Nikamsikia akicheka na mnunuzi, nikasikia kiti kikivutwa, nikatamani kivunjike.

Hazikupita dakika nyingi wakili akatoa kichwa nje. "Mke wa muuzaji yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Sasa huko nje unafanya nini, mama? Ingia."

Ndani akatueleza taratibu. Huyu dada, alisema, amepewa kusimama mahali pa kaka yake na kusaini kwa niaba yake kwa kazi hii tu. Nyumba hajapewa. Kaka akitaka kuifuta hati kesho, anaifuta. Na akifa, Mungu apishe mbali, hati inaishia hapo hapo. "Ni kama mshenga," akasema. "Anaposa, lakini haoi. Na nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi mpaka mke aridhie kwa saini yake mwenyewe."

Wifi akaipapasa ile nailoni. "Lakini imeombewa."

Wakili akakohoa kidogo. "Maombi ni mazuri, dada. Saini ya mke bado inatakiwa."

Kisha akampigia mume wangu ili ahakikishe kwamba hati ni yake, akaweka sauti ya nje. Mume wangu akakubali. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mbele ya wote kwa nini hakuniandika mimi.

"Dada nimemfanya mkono wangu," akasema. "Wewe mkono wako unao. Wangu ungeufanyia nini?"

Maneno matamu hayo, na angenipa mapema ningelala usingizi. Lakini vigelegele walipigiwa wengine, na pole nilipewa mimi, na hayo hayakunitoka pale ofisini. Hata leo ninapoandika hayajanitoka.

Wakili akanisogezea karatasi ya ridhaa na kalamu. Mnunuzi akanitazama. Wifi naye akanitazama, sasa bila kicheko. Nikaishika kalamu, nikaigeuza geuza vidoleni.

"Ni lazima iwe leo?" nikauliza.

"Hapana," wakili akasema. "Ukitaka kesho, itakuwa kesho. Hakuna wa kukulazimisha."

Nilijua wifi ameshakata tiketi ya kurudi Manyovu jioni ile. Nikailaza kalamu mezani, nikasimama na kujifunga vizuri khanga yangu.

"Basi kesho," nikasema. "Twende nyumbani, wifi. Leo utalala kwangu."