Namba ya Tope

Miaka kumi na minane Tirusew alipima udongo katika maabara ndogo huko nyanda za juu za Gojam, ambako asidi imeila ardhi. Alikuwa akikoroga udongo na maji, anauacha utuame, kisha anazamisha kijiti cha mashine ya pH, ile inayopima asidi, hadi kwenye tope la chini, maana huko namba hutulia upesi. Namba ikiwa ndogo, yaani asidi ni nyingi, mkulima aliandikiwa chokaa ya kuipunguza.

Zelalem, mfanyakazi mwenzake mgeni kazini, aliwahi kumwonya. "Dada, tope la mfinyanzi linaidanganya mashine. Hebu pima maji ya juu uone."

"Mashine hii nimeishika wewe bado unafundishwa a-be," alimjibu, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Halafu siku moja akaingia mjane mmoja, Yalganesh, akamwaga viazi mezani. Vyote vimejaa ukurutu, havifai hata kupelekwa sokoni.

"Chokaa uliyoniandikia niliisomba kwa punda siku nne, mwanangu. Niambie, nimekosea wapi?"

Udongo wake wa mwaka jana ulikuwa ungali kabatini. Tirusew akaukoroga upya, akangoja utuame. Kwenye tope: 4.8. Akakiinua kijiti hadi kwenye maji maangavu: 5.6. Akarudia mara tatu, mambo ni yale yale. Shamba lilitaka chokaa kidogo tu. Ile nyingi ndiyo iliyovipa viazi ukurutu. Pembeni Zelalem alijifanya anaosha chupa.

"Hukukosea, mama. Nimekosea mimi. Niliambiwa, nikadharau."

Yalganesh akajishika kichwa. "Masikini mimi! Mbegu alinipa shemeji yangu Bitew. Nilidhani kairoga, nikamwita mchawi mbele ya watu kanisani. Tangu siku hiyo hatusalimiani."

Tirusew alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Inuka twende," mjane akasema. "Ukamwambie kwa kinywa chako."

Bitew aliwapokea mlangoni, wala hakuwakaribisha kahawa. Tirusew akaeleza yote, macho chini. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Na wewe umekuja kusema nini?"

Yalganesh akaanza kulia. Tirusew akawaacha hapo, akarudi peke yake.

Kesho yake alimwomba Zelalem akae karibu naye wakati anapima. Kisha akafungua majalada, akaanza kuorodhesha wakulima aliowaandikia chokaa, awafuate nyumbani. Jina la kwanza lilikuwa la dada yake mwenyewe.