Kombe la Asubuhi ya Mtihani

Wenzangu wa darasa la ualimu, leo nimefanya mtihani kwa nguvu za pilau.

Nabandika hapa ukutani ili nisirudie kumsimulia kila mtu.

Asubuhi mimi na Hamisi, mwenzetu wa darasani, tulikuwa kwetu Rahaleo, tunakariri saikolojia. Kichwani hakikai kitu.

Nikakumbuka mama katuandalia kombe: aya za Kurani zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji tunywe. Jikoni nikakuta bakuli la maji ya njano. Tukapiga bismillahi, tukagawana.

Tukatulia, na tulichosoma kikaanza kukaa kichwani. Kweli kabisa.

Na mtihani ukauliza kwa nini mgonjwa akiamini kapewa dawa hutulia. Nikajaza ukurasa mzima.

Narudi nyumbani, mama kashika kiuno.

"Nani kanywa zafarani yangu ya pilau? Wageni wa baba yako wako njiani kutoka bandari mpya."

Kombe lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kawa, halijaguswa.

Nikamfuata Hamisi kumweleza. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akauliza kama lile la kweli bado lipo.

Kesho ni hesabu. Mngekuwa nyie, mngemjibuje?